Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Tamthilia ya Happy Valley

Happy Valley ni tamthilia ya polisi ya Uingereza iliyorushwa na BBC One kati ya mwaka 2014 na 2023. Majibu yaliyo hapa chini yamegawanywa mara mbili. Ya mwanzo yanaweza kusomwa na mtu ambaye hajaitazama kabisa, na hayatamharibia utamu. Yanayofuata baada ya onyo ni ya waliokwisha kuimaliza, kwa sababu yanataja vifo, siri na hatima ya kila mmoja.

Tamthilia hii inahusu nini hasa?

Inahusu nyumba moja na watu wachache wanaokula meza moja. Catherine Cawood ni sajenti wa polisi katika bonde la mto Calder, magharibi mwa Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Binti yake, Becky, alibakwa, akapata mimba, akajifungua mtoto wa kiume, kisha akajiua muda mfupi baada ya kujifungua. Catherine akamchukua mtoto yule, Ryan, akaamua kumlea, na uamuzi huo ukamgharimu ndoa yake, kwa kuwa mumewe, Richard, hakuweza kuishi chini ya paa moja na mtoto aliyemkumbusha kila siku jinsi binti yake alivyoangamia. Hadithi inapoanza, Ryan ana miaka minane, na mtu ambaye Catherine anaamini kwa moyo wote kwamba ndiye aliyembaka Becky, Tommy Lee Royce, ametoka gerezani alikofungwa kwa kosa lingine kabisa, la dawa za kulevya.

Yote hayo tunayapata mapema mno, na namna tunavyoyapata inastahili kuelezwa. Katika tukio la kwanza kabisa kijana mmoja amelewa, ameachwa na mpenzi wake, amepanda juu ya kifaa cha kuchezea katika uwanja wa watoto, amejimwagia petroli, na mkononi ana kiberiti cha gesi. Catherine anafika akiwa amebeba mtungi wa kuzimia moto, anavaa miwani ya jua ili kulinda macho yake iwapo moto utalipuka, kisha anaanza kuzungumza na yule kijana kwa sauti ya kawaida, kama jirani anayesalimia ng'ambo ya ua. Anajitambulisha: ana miaka 47, ameachika, anaishi na dada yake aliyekuwa mraibu wa heroini na sasa ameacha, alizaa watoto wawili, mmoja amefariki na mwingine hazungumzi naye, na ana mjukuu. Mwandishi ameuweka ukoo mzima katika pumzi moja, tena mbele ya petroli. Mtazamaji aishike petroli hiyo akilini, kwa sababu itarudi.

Je, jina hili lina uhusiano na Happy Valley ya Kenya?

Hapana, ingawa swali lenyewe ni la haki na huulizwa sana na wasomaji wa Kenya. Happy Valley ya Kenya ni jina lililopewa eneo la Wanjohi, chini ya safu ya Aberdare, ambako katika miaka ya 1920 na 1930 kundi la walowezi wa Kizungu matajiri lilijulikana kwa ulevi, dawa za kulevya na kubadilishana wake na waume. Kundi hilo lilijulikana zaidi duniani baada ya Lord Erroll, mmoja wa walowezi hao, kupigwa risasi nje kidogo ya Nairobi mnamo Januari 1941. Sir Jock Delves Broughton alishtakiwa kwa mauaji hayo akaachiwa huru, na hakuna mtu mwingine aliyepata kuhukumiwa.

Happy Valley ya tamthilia ni jina la utani ambalo polisi wa bonde la Calder walilitumia kwa eneo lao wenyewe, kwa uchungu, kutokana na wingi wa dawa za kulevya mitaani. Maana yake, Bonde la Furaha, inapingana na kila kitu tunachokiona. Hata hivyo bonde lenyewe ni zuri, na kamera haifichi uzuri huo: nyumba za mawe zilizoshikana ubavu kwa ubavu, mteremko wa kijani nyuma yake, mfereji wa maji wenye boti nyembamba za kuishi, na majengo makubwa ya viwanda vya nguo ambavyo zamani vililisha miji ya Halifax, Sowerby Bridge, Hebden Bridge na Todmorden.

Ni kisa cha kweli?

Wahusika wote ni wa kubuni. Mwandishi, Sally Wainwright, alikulia Sowerby Bridge, kwa hiyo anaandika juu ya barabara anazozijua tangu utotoni, na amewahi kueleza kwamba alisukumwa kwa kiasi fulani na filamu ya hali halisi kuhusu watu wa Hebden Bridge wanaoangamizwa na pombe na dawa. Msimu wa pili, ambamo wanawake wanaouza miili yao wanauawa mmoja baada ya mwingine, hauwezi kutazamwa na mtu wa Yorkshire bila kumkumbuka Peter Sutcliffe, aliyehukumiwa mwaka 1981 kwa kuwaua wanawake 13 katika miji ya kaskazini. Tamthilia haisimulii kesi hiyo. Inasimulia tu mahali ambapo kumbukumbu yake bado haijafutika.

Ina misimu mingapi, na kwa nini msimu wa tatu ulichelewa sana?

Misimu ni mitatu, kila mmoja una sehemu sita, jumla 18. Wa kwanza ulirushwa mwaka 2014, wa pili mwaka 2016, na wa tatu ulianza siku ya mwaka mpya wa 2023 ukamalizika tarehe 5 Februari. Pengo la miaka saba lilikuwa la makusudi. Wainwright alitaka mtoto anayeigiza Ryan, Rhys Connah, akue kweli, ili msimu wa mwisho umkute Ryan akiwa na miaka 16, umri ambao kijana anaweza kuamua mwenyewe kama anataka kumjua baba yake. Watayarishaji wengine wangemtafuta mwigizaji mwingine mrefu kidogo na kuendelea na kazi. Hapa tunamwona mtoto yuleyule, uso uleule, amekuwa mtu mzima nusu, na kwa sababu hiyo hofu ya bibi yake inatuingia mwilini badala ya kubaki katika maneno.

Waigizaji wakuu ni nani, na je, ilipata tuzo?

Catherine anaigizwa na Sarah Lancashire, dada yake Clare anaigizwa na Siobhan Finneran, na Tommy anaigizwa na James Norton. Tamthilia ilishinda tuzo ya BAFTA ya tamthilia bora ya mfululizo kwa msimu wa kwanza na tena kwa wa pili, na Lancashire akapewa BAFTA ya mwigizaji bora wa kike mara mbili kwa kazi hii, mwaka 2017 na 2024.

Mbona Catherine ni sajenti tu, na mbona hana bunduki?

Zamani Catherine alikuwa mpelelezi, yaani askari kanzu, na alikuwa hodari. Baada ya kifo cha Becky alirudi kuvaa sare na kusimamia zamu mitaani. Jambo hili lina uzito katika hadithi, kwa sababu kesi kubwa hukabidhiwa wapelelezi ambao mara nyingi wanaona machache kuliko yeye, naye hubaki kuwa mtu anayefika kwanza mlangoni, anayeona damu kabla haijafutwa, na ambaye hapewi nafasi ya kuhoji. Kuhusu bunduki, polisi wa kawaida wa doria nchini Uingereza hawabebi silaha za moto. Silaha ziko mikononi mwa vikosi maalumu. Kwa mtazamaji aliyezoea kuona polisi na bunduki begani, inachukua muda kuzoea kwamba Catherine anaingia katika nyumba ya mhalifu akiwa na pingu, kirungu, dawa ya kupulizia machoni na redio ya mawasiliano. Ndiyo maana kila mlango anaousukuma unatisha.

Kwa nini tunaonyeshwa wahalifu tangu mwanzo? Fumbo liko wapi?

Hili ndilo swali linaloonyesha vizuri tamthilia hii ni ya aina gani. Nyingi za tamthilia za polisi humficha muuaji hadi dakika ya mwisho. Happy Valley, isipokuwa katika uzi mmoja wa msimu wa pili, inatuonyesha nani kafanya nini karibu wakati uleule anapofanya. Tunakaa na mhalifu mezani kwake, tunamwona akimdanganya mkewe, tunamwona akijaribu kula chakula cha jioni huku simu ikitetemeka mfukoni.

Fumbo, kwa hiyo, liko kwa ndugu. Nani anajua nini kuhusu mtu anayelala chumba cha pili? Mama ataendelea kumficha mwanawe hadi lini? Bibi anapaswa kumwambia mjukuu nini kuhusu namna alivyozaliwa, na lini? Kesi za jinai katika misimu yote mitatu zimepangwa kulizunguka swali hilo, na kila familia inayoletwa mbele yetu, ya mhasibu, ya mkulima, ya mpelelezi, ya mfamasia, ni kioo kingine kinachoelekezwa kwa nyumba ya Catherine. Mtu akizitazama kama hadithi zisizohusiana ataona tamthilia imejaa mambo mengi mno. Akizitazama kama maswali ya aina moja yanayoulizwa kwa nyumba tofauti, ataona hakuna kilichozidi.

Je, ninaweza kuitazama pamoja na watoto?

Hapana. Nchini Uingereza ilirushwa saa tatu usiku, wakati ambao vipindi vya watu wazima huanza. Kuna ubakaji, ingawa hauonyeshwi machoni mwetu, kuna kujiua, kuna vipigo vinavyoacha alama, na kuna mauaji ya askari kijana wa kike katika msimu wa kwanza ambayo ni magumu kuyatazama. Wakati ule baadhi ya watazamaji walilalamika kwamba ukatili umezidi. Kwa maoni yangu lalamiko hilo linasahau jambo moja: hapa kipigo hakiishi tukio linapoisha. Catherine akiumizwa, tunauona uso wake uliovimba katika sehemu inayofuata, tunamwona akishindwa kuinuka kitandani, tunamwona akimkaripia Clare kwa sababu ya maumivu. Maumivu yanaachiwa muda wake. Mtu aliyepoteza ndugu kwa kujiua, au aliyepitia ubakaji, aitazame akiwa na mtu wa karibu, na asione vibaya kuizima.

Nazungumza Kiingereza vizuri lakini siwaelewi wahusika. Tatizo ni langu?

Si lako. Wanazungumza kwa lafudhi ya Yorkshire, tena wanazungumza haraka, wanakatizana, na mara nyingi wanaongea huku wakipika au wakitafuta funguo. Washa maandishi ya chini ya skrini tangu mwanzo. Baada ya sehemu mbili au tatu sikio huzoea, kama vile sikio la mtu wa Dodoma linavyozoea Kiswahili cha Lamu.

ONYO: Kuanzia hapa majibu yanafichua yote.

Kevin Weatherill ni mhalifu au ni mtu aliyekosea?

Kevin ni mhasibu katika kampuni ya Nevison Gallagher. Anamwomba bosi nyongeza ya mshahara ili aweze kumlipia binti yake ada katika shule ya kulipia, ananyimwa, na kwa hasira anampelekea mfanyabiashara wa dawa za kulevya, Ashley Cowgill, wazo la kumteka Ann, binti wa Nevison, na kudai kikombozi. Msomaji wa kwetu ataielewa ile hali ya mzazi kusimama mbele ya dawati la bosi akiomba fedha za ada. Wengi wamesimama pale. Hapo ndipo mtego ulipo. Tunamhurumia Kevin kabla hatujamjua.

Kisha bosi anabadili mawazo na kukubali kumsaidia, na Kevin, ambaye kwa wakati huo angeweza kwenda polisi na kusema kila kitu, anaendelea kunyamaza. Anajiambia kwamba wengine ndio waovu, kwamba yeye alitoa wazo tu, kwamba bosi ndiye aliyemsukuma. Wakati anajitetea hivyo, Ann yuko chini ya ulinzi wa Tommy Lee Royce. Kwa mizani yangu Kevin ni mhalifu, na ubaya wake ni wa aina inayopatikana kwa urahisi zaidi kuliko wa Tommy: ubaya wa mtu mwema machoni pake mwenyewe, anayetumia jina la mtoto wake kufunika tamaa na kinyongo. Anasema anafanya kwa ajili ya familia, na familia ndiyo inayobaki na aibu.

Ann, kwa upande wake, hakubaki kuwa mwathirika tu. Catherine anapompata katika chumba cha chini cha nyumba ya mama yake Tommy na kupigwa karibu afe, ni Ann anayemwokoa. Baadaye anajiunga na polisi, na mwishowe anaingia katika ukoo kwa mlango mwingine, kama mwenzi wa Daniel, yule mwana wa Catherine aliyekuwa hazungumzi na mama yake. Sijaona tamthilia nyingine ya polisi inayompa mwanamke aliyebakwa maisha marefu na yenye heshima kiasi hiki baada ya kesi kufungwa.

Kwa nini Alison Garrs alimuua mwanawe?

Huu ndio ule uzi wa msimu wa pili ambao muuaji wake amefichwa. Daryl, kijana wa shambani anayeonewa na wenzake, anakiri kwa mama yake kwamba ndiye anayewaua wanawake. Alison anampiga risasi, kisha anajaribu kujiua kwa vidonge. Catherine anapomfikia, Alison anasema jambo lililofichwa miaka yote: kwamba Daryl alizaliwa baada ya yeye kubakwa na baba yake mwenyewe.

Tukio hilo halikuwekwa kwa bahati. Wanawake wawili wameketi karibu, mmoja amemlea mtoto aliyezaliwa kwa ubakaji na mtoto huyo akawa muuaji. Mwingine anamlea mtoto aliyezaliwa kwa ubakaji na hajui bado atakuwa nani. Catherine anatimiza wajibu wake wa kipolisi, anamkamata, na wakati huohuo anamshika Alison kama anavyoshikwa mfiwa. Wainwright hakuweka hotuba hapo. Msimu unafungwa Catherine akimtazama Ryan kwa wasiwasi ambao hauhitaji kuelezwa.

Je, Clare alimsaliti dada yake?

Hakuna swali linalozua ubishi mrefu zaidi. Katika msimu wa tatu Catherine, ambaye yuko karibu kustaafu na anaota kuendesha gari lake kuukuu la Land Rover hadi milima ya Himalaya, anagundua kwamba Ryan amekuwa akimtembelea Tommy katika gereza la Sheffield. Kwanza anaambiwa kwamba anayempeleka ni Neil, mwenzi wa Clare, yaani shemeji yake. Clare anashangaa pamoja naye. Catherine anaamua kuwafuata.

Anachokiona Sheffield kinatosha kufundishia namna ya kuandika tamthilia. Amesimama nje ya mkahawa, anamwona dada yake kupitia kioo, anampigia simu. Clare anaitazama simu, anaipokea, na alipoulizwa yuko wapi, anataja mahali pengine. Hakuna bunduki wala damu. Kuna mwanamke mmoja anayedanganya kwa sauti ya upole na mwingine anayemsikia sikioni huku akimwona kwa macho. Kisha Catherine anaingia, anaketi. Nililirudisha nyuma tukio hilo mara tatu, na kila mara nilitazama mikono ya Finneran badala ya uso wake.

Utetezi wa Clare si mwepesi. Kijana alitaka kumwona baba yake, angekwenda hata bila ruhusa, na Clare aliona heri aende akiwa na mtu mzima anayempenda kuliko aende peke yake kwa siri. Tena, kwa hesabu yetu ya ukoo, Clare naye ni bibi wa Ryan. Amempikia, amemwogesha, amemsubiri mlangoni atoke shule. Alikuwa na sauti katika malezi yake. Kosa lake, naona, halikuwa kumpeleka. Lilikuwa kukaa jikoni kwa Catherine, kunywa chai yake, na kujifanya anashangaa. Catherine alimtoa Clare katika heroini na kumpa nyumba. Alistahili kuambiwa ukweli, hata kama ungemvunja. Hasira yake baada ya hapo ni kali kupita kiasi, anasema maneno ambayo mtu huyajutia, na tamthilia haimpendelei: inatuachia tuone kwamba mtu anaweza kuwa na haki na bado akawa mkatili.

Mtoto wa nyoka ni nyoka? Tamthilia inasema nini kuhusu Ryan?

Methali hii hutajwa kila mara watu wetu wanapozungumzia Ryan, na ni sawa, kwa sababu ndiyo hofu inayomlaza Catherine macho. Ryan mdogo ana hasira, anapigana shuleni, anavunja vitu. Kila kosa la mtoto wa kawaida, kwa bibi huyu, linaonekana kama damu ya baba inayopanda juu.

Jibu la tamthilia halitolewi kwa kauli, linatolewa kwa miaka. Tommy mwenyewe alizaliwa na Lynn, mama mlevi, mraibu, asiyeweza kujilea. Hatukuonyeshwa hilo ili tumsamehe, tulionyeshwa ili tujue kwamba hakuna aliyekuwa akimsubiri mlangoni. Ryan alikuwa na bibi wawili, chakula mezani, makaripio na kumbatio. Anapofikia miaka 16 ana sauti nzito na ana siri, lakini pia anauliza maswali kwa uaminifu, na anapopewa nafasi ya kumfuata baba yake, hamfuati. Alihitaji kumwona ili aweze kumkataa. Hapo ndipo Clare alipokuwa sahihi bila kujua kwa hakika, na Catherine alipokosea kwa sababu ya mapenzi. Katika msimu huohuo mwalimu wa michezo wa Ryan, Rob Hepworth, mtu anayeheshimika mjini, anamtesa mkewe Joanna ndani ya nyumba iliyopangwa vizuri. Ukoo wake hauna doa lolote tunalolijua, na ukatili upo.

Mwisho wake una maana gani? Kwa nini Tommy alikwenda kwa Catherine na asimuue?

Tommy ametoroka, ameumizwa vibaya katika mapigano na wahalifu waliomsaidia, na anajificha katika nyumba ya Catherine. Akiwa peke yake anafungua albamu za picha: Ryan mchanga, Ryan siku ya kuzaliwa, Ryan kando ya bahari. Miaka yote amemchukia Catherine kwa kumnyima mwanawe. Sasa anaona, ukurasa kwa ukurasa, kwamba mtoto yule alikuwa na maisha mema, na kwamba aliyempa maisha hayo ni mwanamke huyu. Catherine anapofika wanakaa jikoni, meza ikiwa kati yao, na wanazungumza. Tommy anamwambia kwamba anamsamehe. Catherine, ambaye binti yake yuko kaburini kwa sababu ya mtu huyo, anaupokea msamaha huo kama tusi, na yuko sahihi. Lakini tunaona pia kwamba Tommy anausema kwa dhati, kwa kiwango ambacho mtu kama yeye ana udhati.

Kisha petroli inarudi. Tommy anajimwagia na kujiwasha, na Catherine, sajenti hadi dakika ya mwisho ya kazi yake, anauzima moto ule, akitumia hata blanketi alilolifuma Clare. Tommy anafariki baadaye hospitalini. Msururu huu umejengwa kwa uangalifu wa fundi: kijana mwenye petroli katika tukio la kwanza, Tommy akimmwagia Ryan petroli ndani ya boti mwishoni mwa msimu wa kwanza, na sasa petroli jikoni. Mara zote tatu Catherine ndiye anayesimama kati ya moto na mtu. Alikuwa na kila sababu ya kuuacha uwake. Na anapokutana na Clare baada ya hapo, kati ya yote anayoweza kusema, anamwambia kuhusu blanketi lililoungua. Wasioelewa kwamba hayo ni maneno ya upatanisho warudi wawatazame ndugu hawa wawili tangu mwanzo: hawakuwahi kuombana radhi kwa njia nyingine.

Je, kutakuwa na msimu wa nne?

Hapana. Wainwright ameeleza kwamba hadithi ilikusudiwa kuwa ya misimu mitatu, na hakuna uzi mkuu uliobaki ukining'inia.

Nikitaka kuitazama upya, nianzie wapi?

Anza na sehemu ya kwanza ya msimu wa kwanza, hata kama unakumbuka vizuri, kisha ruka moja kwa moja hadi sehemu ya mwisho ya msimu wa tatu. Itazame mikono ya Catherine katika zote mbili. Katika ya kwanza imeshika mtungi wa kuzimia moto. Katika ya mwisho, kila kitu kikiisha, yuko kaburini kwa Becky, na mikono haina mtungi.